Mahali pa Mguu wa Kato

Jumatatu iliyopita nilipowakabidhi ninyi mliobaki kuutunza uwanja funguo za stoo, mmoja wenu aliniuliza kile chuma cha kushindilia kichuguu kina umri gani. Nikasema sijui, nilikikuta. Jibu hilo halikuniridhisha hata mimi mwenyewe, ndiyo maana nimekaa hapa Al Mankhool, Dubai, katika chumba ninachosubiria ndege ya kurudi Mwingi, nikaanza kuandika. Vyeo sina vya kuhadithia, na mshahara wangu mnaujua, maana ni uleule wenu. Nitaandika habari za udongo, za mtu aliyenifundisha kazi, na za timu yangu ya Nyuki, ambayo katikati ya msimu huu ilifanya mambo ambayo nina maoni juu yake. Mnanijua, maoni hayajawahi kuniishia.

Nilifika uwanjani hapo miaka kumi na sita iliyopita, nikitoka kwenye lindo la hoteli. Siku ya kwanza niliambiwa kwa Kiingereza nisafishe kiwanja na nisiache uchafu wowote. Nikaanza na majani makavu, nikaokota makopo, halafu katikati ya ule udongo mwekundu nikaona tuta. Nikajua ni mabaki ya wajenzi. Mtu aliyelelewa shambani hawezi kuona udongo umerundikwa bila sababu akaupita. Nikachukua sepetu na toroli, na kufikia saa nne asubuhi tuta halikuwepo tena, pakawa sawa kama sakafu. Nilijisikia vizuri sana. Nikaegemea toroli nikingoja sifa.

Aliyekuja ni Bwana Nassor, msimamizi wa uwanja wakati huo. Asili yake ni Unguja, lakini wazazi wake walihamia Dubai yeye akiwa bado ananyonya, na Kiswahili chake ni kile walichokuja nacho, hakijaguswa na mtu. Alisimama pembeni ya kiwanja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yusufu," akasema. Jina langu ni Joseph, ila yeye hajawahi kuniita hivyo hata siku moja. "Kichuguu changu umekipeleka wapi?"

Nikamwonyesha rundo nyuma ya stoo. Hakunifokea. Alisema kuna mechi baada ya siku tatu, na aliyebomoa ndiye atakayejenga, na yeye ataweka kiti chake hapo karibu aangalie. Ndivyo nilivyosomea kazi hii, kwa kukijenga upya kitu nilichokitupa kwa mikono yangu.

Kwa jamaa zangu wa nyumbani ambao huenda wakasoma haya, besiboli ni ile raunda tuliyocheza shule ya msingi, ila hii imekwenda kusoma ng'ambo ikarudi na masharti. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo na kukimbia kwenye vituo, na waliobaki wanatafuta namna ya kumtoa. Mrushaji husimama juu ya mwinuko wa udongo katikati ya kiwanja. Huo ndio kichuguu. Anapiga hatua moja ndefu kuteremka, anatua kwa mguu mmoja, na uzito wake wote unamwangukia mguu huo. Akitua mahali palipo laini, mguu unazama na goti linajipinda.

Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kushindilia. Udongo wa mfinyanzi unaulowanisha mpaka uwe kama unga wa chapati uliokandwa, ukiufinya usigande mkononi, ukiuachia usipasuke. Unaweka tabaka la unene wa vidole viwili, unalishindilia kwa chuma, unalikwaruza juu ili la pili lishike, ndipo unaongeza. Mwenye haraka huumwaga wote mara moja na kupigapiga juu. Ukivuta reki na kunyunyiza mchanga, kwa macho hata mimi sioni tofauti. Mguu ndio unaojua. Bwana Nassor alinibomolesha mara mbili kabla hajaridhika, na mara zote mbili aligundua kwa kisigino chake akiwa na ndala.

Siku tulipomaliza alinimiminia kahawa, akaniambia jambo ambalo nimelirudia kwenu mpaka mkalichoka.

"Uwanja hauna timu, Yusufu. Wewe utakuwa nayo, huna budi, binadamu ndivyo alivyo. Lakini ukiingia humu iwache getini pamoja na ndala zako."

Timu nilikuwa nayo kabla ya mwaka kwisha. Nyuki, jezi njano na nyeusi, wakaazi wa mji huu wa kila taifa: wahandisi, walimu, wapishi, Mjapani mmoja mwenye duka la miwani. Niliwapenda kwa sababu walikuwa wanashindwa kwa adabu. Katika miaka yangu yote hawakuwahi kuchukua kombe la ligi, na kila msimu niliamini kwamba huu ndio wenyewe. Mke wangu husema imani hiyo ningeipeleka kanisani ningekuwa askofu.

Misimu mitatu iliyopita akaja Kato. Ni Mganda wa Kampala, mlinzi wa ghala kule Dubai Investments Park, na mchezo huu aliujulia shuleni kwao. Kato ni mashoto. Mrushaji mashoto hutua kwa mguu wa kulia, upande wa kushoto wa shimo linalochimbwa na wenzake wote, kama shibiri moja na nusu hivi. Mahali pale palikuwa pake peke yake. Sikuwa na mwingine wa kumtengenezea, kwa hiyo nilipatengeneza kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda. Aliwahi kuumia goti katika kiwanja kingine ambacho sitakitaja, kwenye kichuguu kibovu, akakaa nje wiki tatu, na kampuni yake ikaanza kuuliza kama bado anaweza kusimama getini kwa saa kumi na mbili. Mlinzi asiyeweza kusimama anakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Tangu hapo, kila anakokwenda huingia kwanza peke yake, anabonyeza udongo kwa kisigino, anapiga goti, anapapasa. Kwetu tu ndiko alikoingia moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye msimu huu. Nyuki walianza kwa kupoteza mechi tatu. Halafu Kato akapata likizo yake ya mwaka, akaamua kuimalizia hapahapa mjini badala ya kusafiri, na tukashinda tano mfululizo. Timu ilishika moto. Mimi hali ya timu huisoma kwenye mapipa ya taka. Timu inayopoteza huacha chupa chini ya benchi na kuondoka upesi. Timu inayoshinda huokota hata chupa za wapinzani, na hukaa kuzungumza mpaka nizungushe funguo. Katika wiki zile tano sikuokota chupa hata moja, na kwa mara ya kwanza Bwana Nassor, ambaye alikuwa amestaafu zamani lakini huja kila Jumamosi na chupa yake ya kahawa, aliniuliza nadhani kombe litawekwa wapi.

Ikafika Desemba. Ligi husimama watu waende kwao, na katika mapumziko hayo timu zinaruhusiwa kubadilisha wachezaji. Majina hayaongezeki. Ukiingiza mmoja, sharti mmoja atoke. Kocha wetu, Dale, mhandisi Mmarekani mwenye moyo mzuri na daftari kubwa mno, aliingiza wawili. Wa kwanza ni Ramón, Mdominikani anayeuza nyumba kule Jumeirah Village Circle, mnene, mcheshi, anayeupiga mpira ukaenda kutafutwa kwenye maegesho. Uamuzi huo ulikuwa mzuri na nilisema hivyo siku ileile. Aliyempisha alikuwa amehamia Doha tayari, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Wa pili alikuwa mrushaji kijana, mwalimu wa michezo aliyetoka Marekani majuzi, mwenye kasi ya ajabu. Na aliyempisha huyo ni Kato.

Sababu ilikuwa zamu. Likizo ya Kato ilikwisha, kampuni ikampa zamu ya jioni, na mazoezi ya Jumatano yakawa yanampita. Kocha alisema asiyefanya mazoezi hachezi, na hiyo ni kanuni ya haki, siikatai. Lakini Kato alikuwa amechora mraba kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ya ghala lao na kurusha mipira mia kila asubuhi kabla ya kulala. Hilo halikuandikwa kwenye daftari. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, sisi wetu tukampa mkono wa kwaheri. Niliumia, na sioni haya kusema. Bwana Nassor alijaribu kunituliza kwamba kocha anaona mbali. Nikamjibu kipya kinyemi ingawa kidonda, akanimiminia kikombe cha pili.

Wiki ya pili ya Januari, mapumziko hayajaisha, Ngamia wakamchukua Kato. Hao ndio wapinzani wetu wakubwa, na mechi zao ni Jumamosi alasiri, ambayo zamu yake inaruhusu. Akaanza kuwashindia. Sisi tukawa tunashinda moja, tunapoteza moja. Moto ulikuwa umezimika, ungeweza kuuona kwenye chupa chini ya benchi. Mrushaji wetu mpya alikuwa na kasi kweli, ila akipigwa mpira mmoja mzuri alikasirika, na akikasirika alirusha ovyo. Bila Ramón tungekuwa tunacheza kwa ajili ya kunyoosha viungo. Hata hivyo, kwa kuburuza miguu, tulifika mechi ya mwisho ya makundi tukiwa sawasawa na Ngamia. Atakayeshinda anakwenda fainali. Na mimi nilikuwa nimeshatia sahihi barua ya kustaafu.

Wiki ile mvua ilinyesha siku mbili, ikakiharibu kichuguu. Alhamisi nikakivua udongo wote wa juu na kuanza upya. Nilikuwa nimemaliza upande wa kulia, tabaka kwa tabaka, Kocha Dale alipopita. Akasimama, akakitazama, akaniambia kwa upole kwamba upande ule mwingine nisijisumbue nao sana, maana kwetu hakuna mashoto tena. Akanipiga begani, akaenda zake.

Hakuniambia nifanye ubaya. Aliniambia nisifanye kazi, na neno hilo huingia sikioni kwa urahisi zaidi. Nilisimama pale na sepetu. Nilijua ni nani anatua pale, na kocha naye alijua. Nikafikiria miaka kumi na sita, na picha moja tu niliyoitaka, mimi na kombe, niipeleke Mwingi. Nikajiambia jua limepanda, mgongo unauma, na kwamba hata hivyo nilikuwa nimetumwa na mwenye timu. Nikaumwaga udongo wote mara moja, nikapigapiga juu, nikanyunyiza mchanga, nikavuta reki. Kilipendeza. Ungekipiga picha.

Jumamosi Kato alifika mapema, akaja moja kwa moja stoo kunisalimia kama kawaida yake. Akauliza habari za mke wangu, akauliza kama nimeshafunga mizigo. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kusema. Nikamwambia mvua ilinyesha, nimekijenga upya kichuguu, kwa nini asiende akijaribu kidogo kabla mechi haijaanza.

"Kwa nini, mzee?" akasema. "Si ni wewe umetengeneza? Mimi najaribu viwanja vya wengine."

Akaenda kupasha mwili kule pembeni. Mimi nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Wageni ndio huanza kupiga, kwa hiyo mrushaji wetu alitangulia kupanda, na Kato angefuata wakishatolewa wapigaji watatu. Nilijiambia kwamba muda upo. Nilijiambia pia kwamba labda patashika. Kwa mara ya kwanza maishani nikaomba Nyuki washindwe kuwatoa watu, wakae pale hata saa nzima. Kijana wetu, kwa bahati mbaya yangu, siku hiyo alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili. Wa tatu akaupiga mpira juu, Ramón akaudaka, na watu wetu wakashangilia. Kato akavua koti, akaweka kofia yake vizuri, akaanza kutembea kuelekea katikati. Hakutazama chini hata kidogo.

Nikajikuta nimeshika toroli. Chuma kilikuwa ndani yake, na udongo mbichi uliobaki, na nilikuwa tayari nimevuka mstari kabla sijajua nitasema nini. Mwamuzi, Mfilipino mpole tuliyefahamiana miaka mingi, akanyanyua mkono kunizuia.

"Sir," nikamwambia, "kazi yangu haijaisha. Upande wa kushoto haufai. Nipe dakika kumi."

Akatazama kichuguu, akanitazama mimi. Kilikuwa kimenyooka, kinang'aa. Kocha Dale akatoka benchini akiuliza kuna nini. Nikamwambia kwamba sikushindilia upande ule na kwamba kosa ni langu. Ndivyo ilivyokuwa, maana mikono iliyoshika sepetu ilikuwa yangu. Uso wake ukawa mwekundu, akarudi kukaa. Mwamuzi akasema dakika kumi, yalla, fanya upesi.

Nikapiga goti na kukwangua ule udongo wa uongo wote. Ulitoka kwa mkono mtupu, hata sepetu sikuihitaji. Nikaweka tabaka la kwanza, nikashindilia. Nilipogeuka kutafuta reki nikaiona iko mikononi mwa Bwana Nassor, mzee wa miaka sabini na kitu, kanzu ameikunja hadi magotini, anakwaruza juu nilipopiga. Aliyejua kuangalia kazi yangu kwa kisigino hakuhitaji kuambiwa. Tukaenda hivyo, mimi napiga, yeye anakwaruza, vidole viwili kwa vidole viwili, na watu wote wa uwanja ule wakitutazama.

Kato alikuwa amesimama hatua chache nyuma yetu, anatupatupa mpira, amefurahi kabisa. Nikamsikia akiwaambia wenzake wa Ngamia:

"Mnaona? Huyu ni mzee wangu. Hata nimehama, bado ananitengenezea yangu."

Niliendelea kushindilia nikiwa nimeinama, na nashukuru kwamba kazi hiyo hufanywa kwa kuinama.

Tulipomaliza, Bwana Nassor aliukanyaga udongo kwa kisigino, akauzungusha mguu, akaitikia kwa kichwa. Tulipokuwa tunarudi na toroli alisema neno moja tu, "Kawia ufike, Yusufu," akaenda kuitafuta kahawa yake.

Kato alirusha alasiri nzima. Mguu wake ulitua palepale kila mara, na kila ulipotua nilisikia ule mlio mkavu wa udongo ulioshiba, sauti nzuri kuliko zote katika kazi yetu. Ramón alimpata mara moja, mpira ukaenda kwenye maegesho, na nilishangilia nikasimama, kwa sababu mimi ni Nyuki na nitakufa hivyo. Lakini ilikuwa mara hiyo tu. Ngamia mbili, Nyuki moja. Kuhusu mabadiliko ya katikati ya msimu, basi, maoni yangu ni haya: Ramón ndiyo, kumwacha Kato hapana. Timu iliyomwacha Kato ilitolewa na Kato, na sidhani nahitaji kuongeza.

Kocha Dale hakunisemesha wiki nzima. Siku ya kuniaga alikuja na keki na jezi ya njano yenye jina langu mgongoni, akanishika mkono kwa muda mrefu, akasema khalas, Joseph, yamekwisha, kisha akanong'ona kwamba mwakani anataka pande zote mbili zishindiliwe. Nilimwambia awaambie ninyi. Moyo wangu kwake ni mweupe, na jezi nitaivaa shambani.

Kato naye alikuja stoo mara tu baada ya mechi ile, jasho halijamkauka, akanipa mpira wa mwisho alioushika. Alisema niende nao Mwingi, niwaambie watu kwamba kulikuwa na kiwanja kimoja Dubai ambacho hakuwahi kukijaribu. Nikamwambia asante. Nilifungua mdomo niseme na mengine, Ngamia wakamwita kwenye picha, akaondoka mbio.

Mpira huo uko hapa mezani ninapoandika, na udongo wangu umeuingia kwenye mishono. Kato, nimewaomba hawa wakusomee haya. Siku ile sikuwa nakutengenezea kwa mapenzi kama ulivyowaambia wenzako. Nilikuwa namalizia kazi niliyokunyima tangu Alhamisi kwa makusudi. Mapenzi yalikuwepo, na yapo, lakini Alhamisi hayakunizuia. Kwa hiyo popote utakapocheza, hata kwetu, ingia kwanza peke yako, bonyeza kwa kisigino, piga goti, papasa. Nanyi mliobaki na funguo, mkimwona anajaribu, msione vibaya. Ni mimi niliyemwambia.